Waifai Mbili, Jina Moja: Nani Alikwambia Hiyo Ni ya Mkahawa?

Fungua orodha ya waifai kwa simu yako sasa hivi. Usiingie popote, soma majina tu. Kama uko kwa keja utaona ya jirani, ya keateka, na ile moja ya msee aliyejiona comedian akaiita "Nunua Yako". Kama uko town kwa mkahawa, utaona jina la mkahawa. Mara moja tu.

Sasa kuna kitu simu haikuambii. Hilo jina moja linaweza kuwa ruta tatu. Moja iko chini karibu na kaunta, moja iko juu, na moja iko ndani ya begi ya jamaa ameketi dirishani anakunywa dawa na hana haraka ya kwenda popote. Simu yako inaziona zote tatu na inazitofautisha vizuri sana. Ni wewe tu umeonyeshwa jina moja, halafu ikachagua kwa niaba yako, na mara nyingi inapenda ile yenye mawimbi ya nguvu zaidi. Jamaa wa begi yuko mita mbili kutoka kwako. Piga hesabu.

Nimesoma historia ya hii kitu kwa wiki kadhaa na nimetoka na maoni. Watu huongea kuhusu waifai feki kana kwamba wezi walikuja wakaharibu kitu kilichokuwa sawa. Zii. Jina la waifai halikuwahi kutengenezwa limtambulishe mtu yeyote. Lilikusudiwa kutumiwa na wengi. Sisi ndio tulilichukua tukaanza kuliamini kama kitambulisho.

Simama stage ya Githurai uite "Brayo!" Vichwa vinne vitageuka, na hakuna mtu atashangaa. Ndio maana ukienda Huduma Centre hawatosheki na jina, wanataka namba ya kitambulisho. Waifai ni vivyo hivyo. Jina unaloliona linaitwa SSID, na ni maandishi tu, yasiyozidi baiti 32. Hakuna ofisi duniani inayoyasajili. Naweza kuita ruta yangu jina la benki yako usiku huu na redio yake haitakataa, itaanza kulitangaza karibu mara kumi kila sekunde. Chini ya jina kuna namba, BSSID, yenye herufi na tarakimu 12. Kwa kawaida hiyo ni anwani iliyowekwa kiwandani kwa redio ya ruta. Nusu ya kwanza inaonyesha kampuni iliyoitengeneza, kwa sababu shirika la IEEE huwagawia watengenezaji mafungu ya namba. Nusu ya pili kampuni inajipangia. Nafasi zilizopo zinazidi trilioni 281, kwa hivyo hakuna uhaba wa namba hapa.

Linganisha na M-Pesa. Unaandika namba kwanza, halafu inakuonyesha jina ndio uhakikishe kabla pesa haijaenda. Waifai imegeuza hiyo. Inakupa jina, halafu namba inabaki nayo.

Kwa nini? Jibu liko kwa kaunta ya supamaketi.

Mwaka 1985 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilifungua vipande fulani vya masafa ya redio vitumiwe bila leseni. Kimoja kilikuwa pale 2.4 GHz, mtaa ambao hakuna aliyeutaka kwa sababu oveni za maikrowevu zilikuwa zinapiga kelele hapo mchana kutwa. Moja ya kampuni zilizoona nafasi ni NCR, wale wa mashine za keshia. Shida yao haikuwa ya kisayansi hata kidogo. Duka likiamua kuhamisha kaunta kutoka huku hadi kule, lazima utoboe upya upitishe waya. Redio ingeondoa hiyo kazi. Mainjinia wao kule Uholanzi wakatengeneza kadi iliyoitwa WaveLAN, na mmoja wao, Vic Hayes, akaongoza kamati ya IEEE iliyopewa namba 802.11 tangu 1990. Ilichukua miaka saba ya vikao. Kiwango cha kwanza kilitoka 1997, kikiwa na kasi ya megabiti 2 kwa sekunde. Leo hiyo hata TikTok moja ingekwama.

Sasa ingia ndani ya vichwa vya hao wazee wa kamati. Unatengeneza mtandao wa duka kubwa, ghala, au hospitali. Redio moja haifiki kote, kwa hivyo utaweka kumi. Mfanyakazi anatembea na mashine yake kutoka rafu hii hadi ile, na hutaki mtandao ukatike kila akipita nguzo. Suluhisho lao lilikuwa rahisi na la akili: redio zote kumi zipewe jina moja, na mashine ihame kutoka moja hadi nyingine kimyakimya bila kumsumbua mwenye kuitumia. Namba ya kila redio ipo, mashine inaihitaji ili ijue inaongea na nani sasa, lakini binadamu haimhusu.

Yaani jina lilikuwa la nyumba nzima, halikuwa la mlango mmoja mmoja. Na mwenye nyumba alikuwa mmoja, anajua milango yake yote. Ndani ya supamaketi ya 1997 hiyo ilikuwa sawa kabisa. Hakuna aliyewazia siku mamilioni ya watu wasiojuana watatembea na redio mfukoni, wakipita mbele ya milango ya watu wengine wasiojuana.

Hiyo siku ilikuja haraka. Mwaka 1999 kiwango kipya kilifikisha megabiti 11, na kampuni kadhaa zikaungana kukipigia debe. Zilikodi kampuni ya kutunga majina ya bidhaa, Interbrand, ndiyo ikawapa neno Wi-Fi. (Na kabla mtu hajakimbia kwa comments: halimaanishi "wireless fidelity". Ni jina la kuuza tu, hiyo maana ilibandikwa baadaye.) Julai ya mwaka huo huo Steve Jobs alisimama jukwaani New York akaonyesha laptopu ya iBook ikiwa kwa intaneti, akaipitisha ndani ya hula hoop watu waone hakuna waya. Watu walipiga makofi kama wameona muujiza.

Baada ya hapo ruta zilianza kuuzwa kama sufuria. Na hapa ndipo jina lilianza kuleta shida ya kweli. Linksys walikuwa wanauza ruta zao zikiwa na jina "linksys". Za D-Link ziliitwa "default". Watu wengi hawakubadilisha, kwa sababu nani husoma kile kitabu? Matokeo yake, kwa miji ya Marekani ungepita mtaa mzima kila nyumba ya tatu ni "linksys". Laptopu iliyowahi kuingia "linksys" moja iliona zote kuwa nyumbani. Unatoka kwako, unaenda kwa shangazi, unajikuta kwa mtandao wa jirani ya shangazi na hujui.

Mwanzoni watu walichukulia kama utani. Halafu hesabu ikaingia. Mfumo wa WPA ulipokuja 2003 kuokoa mambo, ufunguo wa mtandao ulitengenezwa kwa kuchukua nywila yako, kuichanganya na jina la mtandao, halafu kusaga huo mchanganyiko mara 4,096. Jina liliwekwa kwa makusudi, kama chumvi, ili nywila hiyo hiyo itoe ufunguo tofauti kwa kila mtandao. Wazo zuri. Lakini kama nusu ya mtaa inaitwa "linksys", chumvi yote ni moja. Kikundi cha wadukuzi kilichojiita Church of WiFi kilichukua majina 1,000 yanayoonekana sana kikayasaga mapema na maelfu ya nywila za kawaida, kikatoa majedwali. Yaani kuwa na jina la kawaida kulimpunguzia mwizi kazi. Ndio maana siku hizi ukinunua ruta inakuja na jina kama TP-Link_ halafu herufi kadhaa za ajabu mbele. Mara nyingi hizo herufi ni mkia wa ile namba ya kiwandani. Baada ya mateso yote hayo, namba ilirudi kupitia mlango wa nyuma.

Lakini shida kubwa zaidi ilikuwa kwingine. Ulinzi wa kwanza wa waifai, WEP, ulivunjwa 2001 na wataalamu watatu, Fluhrer, Mantin na Shamir, na kila anayesimulia hii historia husimama hapo. Mimi nadhani kuvunjwa kwake si jambo baya zaidi. Baya zaidi ni kwamba hata kama isingevunjwa, jaribio lake lilikuwa la upande mmoja. Laptopu ilijithibitisha kwa ruta. Ruta haikujithibitisha kwa mtu. Ni kama soldier wa gate anayeitisha kitambulisho chako kila siku, na wewe hujawahi hata siku moja kumuuliza yeye ni nani na nani alimweka hapo.

Wataalamu wawili, Dino Dai Zovi na Shane Macaulay, walionyesha ubaya wa hiyo kitu katikati ya miaka ya 2000 kwa programu waliyoiita KARMA. Kompyuta za wakati huo zilikuwa na tabia ya kuita. Ukiwasha tu, inaanza: "Nyumbani, uko? Hoteli, uko? Airport, uko?" Inataja majina yote inayokumbuka, hewani, kila mtu akisikia. KARMA ilikuwa inasikiliza halafu inajibu kila jina: niko. Ulikuwa unaketi mahali hujawahi kuketi, na laptopu yako inajiunga na "Nyumbani". Baadaye kidogo kikatokea kifaa cha kuuzwa madukani kinachofanya hayo yote, Wi-Fi Pineapple, kisanduku kidogo cha mtu yeyote mwenye kadi ya benki. Wataalamu wa kuaminika hukitumia kupima usalama wa ofisi za watu. Wengine pia hukitumia.

Nani wengine? Aprili 2018, mjini The Hague, maafisa wa Uholanzi walikamata Warusi wanne karibu na makao ya OPCW, shirika linalozuia silaha za kemikali. Gari lao la kukodi lilikuwa limeegeshwa hotelini jirani, na ndani ya buti kulikuwa na antena na vifaa vya kunasa waifai. Uholanzi ilisema ni majasusi wa GRU na ikawafukuza nchini. Fikiria hiyo. Serikali yenye setilaiti na manowari, na bado ilimtuma mtu kwa ndege akaketi nje ya jengo ajaribu waifai.

Na si lazima uwe jasusi. Mwaka 2024 polisi wa Australia walimshtaki mwanamume mmoja kwamba alitengeneza mitandao yenye majina yanayofanana na ya halali kwa viwanja vya ndege vya Perth, Melbourne na Adelaide, na hata ndani ya ndege angani. Wafanyakazi wa shirika la ndege ndio waliona mtandao wa kushangaza wakaripoti. Ukiingia ulipelekwa kwa ukurasa unaokuomba uingie na barua pepe au akaunti yako ya mtandao wa kijamii. Watu waliandika. Wewe pia ungeandika, uko juu ya mawingu, umechoka, umeona jina unalolijua.

Hapa lazima niseme ukweli ambao wauzaji wa VPN hawapendi. Hatari ya leo si ile ya 2010. Oktoba ya mwaka huo msee mmoja anaitwa Eric Butler alitoa programu ya Firesheep, na kwa kubofya mara moja ungeingia kwa Facebook ya mtu mliyeketi naye kwa mkahawa. Ilileta aibu kubwa, na ile aibu ilisaidia kusukuma tovuti kubwa kufunga mawasiliano yao, ile kufuli unaona kando ya anwani. Leo tovuti nyingi zimefungwa hivyo. Jamaa wa begi hawezi tu kusoma WhatsApp yako hewani. Anachoweza ni kukuletea ukurasa wake kabla hujafika kwa intaneti, na kukuomba wewe mwenyewe umpe. Hapo kufuli haisaidii, umempa kwa mkono wako.

Sasa lete hiyo nyumbani, ju hapa Kenya sisi tumejifunza kupenda hizo kurasa.

Mkonge wa SEACOM ulifika Mombasa 2009, na intaneti ikaanza kutoka kwa saiba ikiingia kwa vitu vya kila siku. Kufikia 2014 hivi, matatu za Nairobi zilikuwa zinachorwa "Free WiFi" ubavuni kando ya picha za wasanii, na mwaka huo huo mji wa Nakuru ulipata waifai ya bure. Serikali iliyoingia 2022 iliahidi vituo 25,000 vya waifai ya umma nchi nzima, sokoni na stage. Na katikati ya hayo yote kukatokea kitu ambacho hakikuahidiwa na mtu: waifai ya mtaa. Unakijua. Kijana ananunua laini ya nyuzi, anapanda kwa paa na ruta za MikroTik na antena, anavuta mtandao ploti tano. Wewe unaingia bila nywila, ukurasa unafunguka: bob kumi masaa kadhaa, soo wiki. Unaandika namba ya simu, ujumbe wa M-Pesa unakuja, unaweka PIN, uko ndani.

Mimi naipenda hiyo biashara. Imewapa watu intaneti mahali ambapo kampuni kubwa zilisema hakuna faida. Lakini iangalie kwa macho ya jamaa wa begi. Mtandao uko wazi, hauna nywila. Jina ni moja kwa ploti zote tano, lazima liwe moja ndio uhame bila kukatika, ile ile hesabu ya supamaketi. Na watu wamezoea kwamba ukiingia unaombwa namba ya simu na pesa. Akitaka kuiba bob kumi za watu mia mbili kwa wiki hahitaji kudukua kitu chochote. Anahitaji jina. Anafungua mtandao wenye jina lile lile, anatengeneza ukurasa unaofanana, na till ni yake. Kuna sheria ya 2018 ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandao, na ndani yake kujifanya mtu mwingine ni kosa. Lakini niambie nani ataripoti bob kumi. Utasema tu "waifai leo ni mbaya", uende kuongea na yule kijana wa paa, mkosane bure.

Kwa mkahawa wenye nywila je? Hapa ndipo wengi wamedanganyika, na nataka tuelewane polepole. Kwa mfumo wa sasa, WPA2 na WPA3, ruta nayo inajithibitisha. Lazima ionyeshe kwamba inajua nywila. Yule soldier wa gate hatimaye ameulizwa swali. Shida ni kwamba swali lenyewe ni nywila, na nywila imebandikwa ukutani karibu na bei ya chapati. Jamaa wa begi ameisoma. Ruta yake inaijua. Itapita jaribio bila wasiwasi. Nywila ya siri inathibitisha ruta; nywila ya ukutani inathibitisha tu kwamba mtu anaweza kusoma.

Mtandao mmoja duniani ulitatua hili vizuri, na kama umesoma chuo yoyote unaujua. Eduroam. Wazo lilianzia Uholanzi (tena Uholanzi!) mwaka 2002 na Klaas Wierenga wa SURFnet, na leo jina hilo moja liko katika nchi zaidi ya 100. Hapa kwetu linaendeshwa na KENET. Hebu ona ujasiri wake: waliamua kwa makusudi kwamba maelfu ya taasisi zisizojuana zitatumia jina moja, herufi kwa herufi. Mwanafunzi wa Nairobi akishuka Berlin simu inaingia yenyewe. Inawezekanaje? Kwa sababu hawakuliamini jina hata kidogo. Popote ulipo, ombi lako linapelekwa hadi seva ya chuo chako, na kabla simu haijatoa nywila, seva inapaswa kuonyesha cheti. Cheti hakiwezi kunakiliwa kutoka ukutani. Jamaa wa begi anaweza kujiita eduroam mpaka kesho, cheti hana.

Ila sasa. Uliunganishwa eduroam na nani? Na msee wa hosteli, sivyo? Na alikwambia nini mlipofika mahali pa cheti? "Hapo weka usihakikishe." Simu za Android zilikuwa na hilo chaguo wazi kabisa, na ukilichagua, ule ulinzi wote wa kimataifa umekuwa jina tu tena, na sasa mtego unashika nywila ya chuo, ile ile ya email na portal ya matokeo. Mwishoni mwa 2020 Google walianza kuliondoa kwa Android 11, na malalamiko yalikuwa mengi kuliko shukrani. Mimi niliacha chuo kitambo, lakini simu yangu bado inakumbuka eduroam kama namba ya ex. Kila nikipita karibu na kampasi inageuza kichwa.

Kuna kipande cha hii historia kinaniudhi kuliko vyote. Tumesema binadamu hakuonyeshwa namba kwa sababu haimhusu. Lakini kuna watu waliona thamani yake mapema sana. Mwaka 2003 kampuni ya Skyhook ilianzishwa Boston, ikatuma magari barabarani kurekodi kila ruta na mahali ilipo. Wazo lao: ukisikia namba hizi tatu kwa pamoja, uko kona hii. Iphone ya kwanza haikuwa na GPS, kwa hivyo Januari 2008 Apple waliweka huduma ya Skyhook ndani yake. Magari ya Google Street View yalikusanya pia, na mwaka 2010 Google wakakiri kwamba magari yalibeba hata vipande vya mawasiliano ya watu kutoka mitandao isiyofungwa. Zikafuata kesi na uchunguzi nchi kadhaa. Mwaka uliofuata wakasema kama hutaki ruta yako iwe kwa ramani yao, ongeza "_nomap" mwisho wa jina. Yaani ubadilishe jina lako wewe.

Umeiona? "linksys" elfu kumi hazikuwachanganya hata dakika moja. Kutofautisha mitandao yenye jina moja ni tatizo lililotatuliwa zamani sana, kwa kila mtu isipokuwa mwenye simu. Namba zinasomwa na simu yako, zinatumika kujua uko ghorofa gani ya jengo gani, halafu wewe unaonyeshwa jina na vijiti vinne vya mawimbi.

Na jina lenyewe bado halijafungwa vizuri. Mei 2024 watafiti wawili wa chuo cha KU Leuven, Ubelgiji, Héloïse Gollier na Mathy Vanhoef, walichapisha udhaifu ulio ndani ya kiwango chenyewe. (Vanhoef ndiye yule aliyevuruga WPA2 mwaka 2017 na shambulio la KRACK.) Waligundua kwamba kwa aina kadhaa za mitandao, ikiwemo ile ya vyuo na baadhi ya WPA3, jina halihakikishwi kabisa wakati wa kuunganisha. Kama mitandao miwili inatumia nywila ile ile, mshambulizi anaweza kukuingiza kwa mmoja huku skrini inakuonyesha jina la mwingine. Na baadhi ya VPN hujizima zenyewe zikiona jina la mtandao unaouamini. Kinachochekesha ni kwamba WPA2 ya kawaida ya nyumbani iliponea, kwa sababu ya ile chumvi ya 2003. Jina lilikuwa limesagwa ndani ya ufunguo. Mfumo mpya uliacha hiyo chumvi kwa njia yake ya kwanza ya kuunganisha, na jina likabaki nje linaning'inia.

Kwa hivyo unatofautishaje? Kwa Android kuna programu za bure kama WiFi Analyzer zinazoonyesha kila ruta na namba yake. Kwa Mac shikilia Option ubofye alama ya waifai. Kwa Windows andika netsh wlan show networks mode=bssid kwa ile skrini nyeusi, na ujione mdukuzi kidogo. Ruta mbili za mkahawa mmoja mara nyingi ni za kampuni moja, kwa hivyo nusu ya kwanza ya namba zitafanana. Ukiona moja imetoka familia nyingine, na ina mawimbi makali kuliko zote, na hakuna ruta unayoiona kwa ukuta, basi. Angalia pia kufuli: jina la mkahawa likitokea mara mbili, moja na kufuli na moja bila, ile ya wazi iache.

Lakini usijidanganye namba ndiyo mwisho wa mambo. Namba ya ruta inaweza kunakiliwa kwa dakika moja, hata simu yako siku hizi hujibadilishia yake ili isifuatwe. Itakuonyesha mwizi mvivu. Mwizi mwenye bidii atavaa namba pia. Kinachomzuia ni siri ambayo hana, kama cheti cha eduroam. Wenye viwango wanajua hilo. Mwaka 2020 waliongeza njia inayoitwa SAE-PK kwa ajili ya mikahawa hasa, ambapo nywila ya ukutani yenyewe inabeba alama ya ufunguo ulio ndani ya ruta halisi, kwa hivyo kuisoma hakukusaidii kuwa pacha wake. Iulizie dukani Luthuli Avenue uone watakavyokuangalia. Na hao wa vituo 25,000, kabla ya kuuliza kasi ni ngapi, ningeuliza simu itajuaje hicho ni kituo cha serikali na si cha jamaa wa begi.

Mimi hufanya hivi: simu imekatazwa kujiunga yenyewe na mtandao wowote ulio wazi, majina ya hoteli na airport nafuta nikiondoka, na kitu cha benki nafanya na bundles zangu. Waifai ya mtaa bado naingia. Yule kijana wetu wa paa amebandika karatasi kwa gate, ndani ya plastiki ju ya mvua. Imeandikwa jina la mtandao, namba ya till, na jina litakalotokea kwa simu yako kabla hujaweka PIN. Chini ameongeza kwa biro: "Ikitokea jina lingine usilipe, nipigie."